Bei ya Stima Inapopendekezwa Kupanda: Mkazi wa Eastlands Aangalie Nini?

Kampuni ya Kenya Power inapoomba kubadilisha bei ya stima, mazungumzo mengi mitaani huishia kwenye jambo moja: uniti itaongezeka kwa shilingi ngapi. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Kwa mkazi wa Kayole, Umoja, Dandora au Huruma, ipo namba nyingine inayoweza kuongeza bili yake karibu sawa na bei ya uniti, na wakati mwingine kuizidi. Namba hiyo ni mpaka wa kundi, yaani idadi ya uniti kwa mwezi inayomfanya mteja ahesabiwe kuwa mtumiaji mdogo.

Bei zilizoanza kutumika 1 Aprili 2023 zilipangwa kwa kipindi cha hadi mwaka wa fedha wa 2025/2026. Kwa kawaida bei hukaguliwa upya kila baada ya miaka mitatu hivi, kwa hivyo ombi jipya ni jambo la kutarajiwa. Somo hili linaeleza ni nani hupanga bei, bili ina nini ndani yake, mpaka wa kundi umehama vipi tangu 2018, na mkazi anaweza kusema nini umma unapoitwa kutoa maoni.

Nani hupanga bei?

Stima hupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye soketi. KenGen na kampuni binafsi huizalisha. Kampuni ya KETRACO hujenga na kusimamia nyaya kubwa zinazoisafirisha kutoka mbali. Kenya Power huinunua kwa wazalishaji, huisambaza mitaani na kukusanya pesa kutoka kwa wateja. Ndiyo maana lawama zote humwangukia Kenya Power: ndiye anayeonekana mlangoni.

Hata hivyo, Kenya Power hairuhusiwi kupandisha bei kwa uamuzi wake yenyewe. Ni lazima iwasilishe ombi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Mafuta, EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019 kuchukua nafasi ya tume iliyoitwa ERC. EPRA hupitia hesabu za kampuni, husikiliza maoni ya umma, kisha hukubali ombi, hulipunguza au hulikataa. Sheria inataka bei iwe ya haki na ya kadiri: imwezeshe msambazaji kuendesha kazi yake, na isimkandamize mteja.

Serikali ya kaunti haipangi bei ya stima. Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti jukumu la mipango na maendeleo ya kaunti, yakiwemo usambazaji wa stima na gesi na udhibiti wa kawi. Inaipa pia jukumu la taa za barabarani. Sheria ya Kawi inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Zaidi ya hayo, kaunti yenyewe ni mteja. Taa za mitaa, masoko, zahanati na hospitali kama Mama Lucy Kibaki hutumia stima inayolipiwa. Bei inapopanda, mkazi huguswa mara mbili: kwenye tokeni zake za nyumbani na kwenye pesa za kaunti zinazolipia huduma hizo.

Bili ina nini ndani yake?

Mtu akinunua tokeni za Sh500 leo na za Sh500 mwezi ujao, mara nyingi hapati idadi ileile ya uniti. Wengi hudhani wameibiwa. Sababu ya kawaida ni kwamba malipo ya stima yana sehemu kadhaa, na baadhi yake hubadilika kila mwezi.

Sehemu ya kwanza ni bei ya msingi ya uniti. Hii ndiyo inayopangwa katika ombi la mabadiliko ya bei, na ndiyo inayotegemea kundi la mteja.

Sehemu ya pili ni gharama ya mafuta. Kenya hupata stima yake nyingi kutoka mvuke wa ardhini huko Olkaria, mabwawa ya Mto Tana kama Masinga na Gitaru, upepo wa Ziwa Turkana kule Marsabit, na stima inayonunuliwa Ethiopia na Uganda. Mvua ikikosekana na mabwawa yakishuka, au mahitaji yakipanda sana jioni, mitambo ya kuchoma mafuta huwashwa. Gharama ya mafuta hayo hupelekwa moja kwa moja kwa mteja, na kiwango chake huchapishwa kila mwezi katika gazeti rasmi la serikali.

Sehemu ya tatu ni marekebisho ya thamani ya shilingi. Mikataba mingi ya kununua stima, na mikopo mingi ya kujenga mitambo, hulipwa kwa dola au yuro. Shilingi ikidhoofika, bili hupanda hata kama bei ya msingi haijaguswa. Hilo lilionekana wazi kuelekea mwanzo wa 2024, dola moja ilipokaribia Sh160. Shilingi ilipopata nguvu mwaka huo, sehemu hii ilipungua.

Sehemu ya nne ni marekebisho ya mfumuko wa bei, yanayofanywa kila baada ya miezi sita.

Sehemu ya tano ni ushuru na ada. Ushuru wa ziada ya thamani, VAT, ni asilimia 16. Ada ya kusambaza stima mashambani, REP, ni asilimia 5 ya bei ya msingi. Zipo pia ada ndogo za EPRA na za mamlaka ya maji.

Ombi la Kenya Power likiidhinishwa, linalobadilika kwanza ni sehemu ya kwanza. Lakini kwa kuwa VAT na REP huhesabiwa kwa asilimia, bei ya msingi ikipanda nazo hupanda. Shilingi moja inayoongezwa kwenye uniti humfikia mteja ikiwa zaidi ya shilingi moja na senti 20.

Mpaka ulivyohama

Hadi katikati ya 2018, bei ya nyumbani ilipangwa kwa ngazi. Uniti 50 za kwanza kila mwezi zilitozwa Sh2.50 kila moja, na zilizofuata Sh12.75. Kila nyumba ilifaidi ngazi ya kwanza, hata ile iliyotumia uniti 200. Juu yake kulikuwa na ada ya kudumu ya Sh150 kila mwezi, iliyolipwa hata na mtu aliyesafiri na kuzima kila kitu.

Julai 2018 ada ya Sh150 iliondolewa. Wengi walifurahia habari hiyo, lakini badiliko kubwa lilikuwa kwingine. Ngazi zilitoweka, na wateja wakagawanywa kwa makundi. Aliyetumia hadi uniti 10 kwa mwezi alilipa Sh12 kwa uniti. Aliyezidi uniti 10 alilipa Sh15.80 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Uniti 10 ni kidogo mno kwa nyumba yoyote yenye runinga, hivyo karibu wakazi wote wa mitaa ya kawaida wakajikuta katika kundi la bei ya juu.

Malalamiko yalikuwa makali, na yalisikika. Kuanzia 1 Novemba 2018 mpaka ulisogezwa kutoka uniti 10 hadi 100, na bei ya kundi la chini ikawa Sh10. Kwa ghafla nyumba nyingi za Eastlands zikarudi kwenye kundi la watumiaji wadogo.

Machi 2021 serikali ya kitaifa iliunda jopokazi la kuchunguza mikataba ya ununuzi wa stima. Jopokazi hilo lilipendekeza bei ishuke kwa thuluthi moja. Nusu ya kwanza ya punguzo hilo, asilimia 15, ilitekelezwa Januari 2022, na uniti ya kundi la chini ikashuka hadi Sh7.70. Nusu ya pili haikufika.

Kisha ikaja Aprili 2023. Mpaka wa kundi la chini ulirudishwa kutoka uniti 100 hadi 30, na makundi yakawa matatu:

Kundi la kwanza, hadi uniti 30 kwa mwezi: Sh12.22 kwa uniti.
Kundi la pili, zaidi ya 30 hadi 100: Sh16.30 kwa uniti.
Kundi la tatu, zaidi ya 100: Sh20.97 kwa uniti.

Hizo ni bei za msingi za siku ile ya kuanza, kabla ya mafuta, shilingi, ushuru na ada. Bei hizo ndizo zinazotumika katika hesabu zote za somo hili. Mkazi anayetaka kujua kiwango kinachomhusu leo akisome kwenye bili yake au kwenye ilani ya EPRA.

Hesabu inayofichua mpaka

Chukua nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi: balbu, runinga, friji ndogo, pasi na simu za kuchaji. Mwaka 2022 bei yake ya msingi ilikuwa uniti 60 mara Sh7.70, yaani Sh462. Kuanzia Aprili 2023 ikawa uniti 60 mara Sh16.30, yaani Sh978. Nyongeza ni Sh516.

Sasa iulizwe: ingekuwaje kama bei ingepanda hadi Sh12.22 lakini mpaka ungebaki uniti 100? Nyumba hiyo ingelipa Sh733.20. Nyongeza ingekuwa Sh271.20.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ni Sh244.80. Hiyo ndiyo gharama ya kuhamishwa kwa mpaka peke yake. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya nyongeza iliyoipata nyumba hiyo haikutokana na bei mpya ya kundi lake la zamani. Ilitokana na kuondolewa katika kundi hilo.

Kwa hiyo ombi jipya likitangazwa, mkazi atafute namba mbili, bei na mpaka. Ombi linaweza kuonyesha bei ya kundi la chini ikipanda kidogo au hata ikishuka, huku mpaka ukiteremshwa na maelfu ya nyumba zikisukumwa kwenye kundi la juu.

Wastani wa miezi mitatu

Kundi la mteja halipangwi kwa matumizi ya mwezi mmoja. Hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Utaratibu huu humlinda mtu asiruke huku na huku kila mwezi, lakini pia humfanya alipie mwezi mmoja mbaya kwa muda mrefu zaidi.

Mfano: nyumba imetumia uniti 26, kisha 28, kisha 40 kwa sababu wageni walikuja au mtoto aliugua na maji ya moto yakahitajika usiku kucha. Wastani ni uniti 31.3. Mwezi unaofuata nyumba hiyo iko kundi la pili, hata ikitumia uniti 24 tu. Mwezi wa baada ya hapo wastani wa 28, 40 na 24 ni 30.7, na bado iko kundi la pili. Ni mpaka wastani wa 40, 24 na 25 ufike 29.7 ndipo inarudi kundi la kwanza.

Hivyo mwezi mmoja wa matumizi makubwa huweza kugharimu miezi miwili ya bei ya juu. Mtu anayeona tokeni zake zimepungua ghafla, ilhali hajaongeza matumizi mwezi huo, aangalie miezi mitatu ya nyuma kabla ya kulaumu mita.

Kuhusu uniti 30 zenyewe, ni vyema kujua zinaisha vipi. Balbu ya kisasa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila jioni hutumia takriban uniti 1.4 kwa mwezi. Runinga ya wati 60 kwa saa tano kila siku ni uniti 9. Shawa ya umeme ya kilowati 5, ikitumiwa dakika 10 tu kwa siku, ni uniti 25. Shawa hiyo peke yake karibu inamaliza nafasi yote ya kundi la kwanza.

Ploti yenye mita moja

Hapa ndipo suala hili linapowagusa wakazi wa Eastlands kwa namna ya pekee. Makundi ya bei huhesabiwa kwa mita. Hayahesabiwi kwa familia. Katika mitaa mingi familia na mita havilingani.

Dandora ilianzishwa miaka ya 1970 kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambapo watu walipewa viwanja vyenye huduma za msingi nao wakajijengea. Wengi waliongeza vyumba vya kukodisha. Umoja nayo ilijengwa kwa nyumba za chini, na leo sehemu kubwa imejaa magorofa. Kayole, Huruma na Pipeline zimeinuka hivyo hivyo. Yapo magorofa ambayo kila nyumba ina mita yake ya Kenya Power. Zipo pia ploti ambazo wapangaji watano, wanane au zaidi wanatumia mita moja, wakigawana bili kwa vyumba au kwa mita ndogo zilizowekwa na mwenye nyumba.

Chukua ploti ya wapangaji watano, kila mmoja akitumia uniti 25 kwa mwezi. Kila familia, ikitazamwa peke yake, ni mtumiaji mdogo kabisa. Ingekuwa na mita yake ingelipa Sh12.22 kwa uniti, yaani Sh305.50. Lakini mita yao ya pamoja inasoma uniti 125. Ploti inaingia kundi la tatu. Bili ya msingi ni Sh2,621.25, na kila familia inalipa Sh524.25.

Tofauti ni Sh218.75 kwa kila familia, kila mwezi. Ukiongeza VAT na REP kwenye tofauti hiyo, inakaribia Sh265. Familia hiyo ya chumba kimoja inalipa bei ileile ya uniti inayolipwa na jumba lenye friji mbili na mashine ya kufulia, na bei ya juu kuliko nyumba ya vyumba vitatu ya Buruburu inayotumia uniti 90 kwa mita yake yenyewe.

Kundi la bei nafuu liliwekwa kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo. Kwenye mita ya pamoja, watu hao ndio hulikosa. Kadiri mpaka unavyoshushwa, ndivyo ploti nyingi zaidi zinavyoangukia upande wa bei ya juu. Mpaka ulipokuwa uniti 100, ploti ya wapangaji watatu wa uniti 25 ilikuwa ndani ya kundi la chini. Ulipokuwa 30, ilitoka.

Dawa ya kwanza iko ndani ya ploti. Wapangaji na mwenye nyumba wanaweza kukaa na kukubaliana kuomba mita tofauti kwa kila nyumba. Kabla ya hapo nyaya za ndani zinapaswa kutenganishwa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Gharama ipo, na wapangaji wanapaswa kuzungumza mapema juu ya nani atailipa. Kujiunganishia waya kinyume cha sheria si njia: nyaya hizo zimewahi kuua watu na kuchoma nyumba, na stima inayopotea huishia kutafutiwa mlipaji.

Dawa ya pili iko katika kikao cha maoni, kwa sababu ploti zote haziwezi kutenganishwa mita kwa mwezi mmoja.

Majirani wanafanyaje?

Nchini Uganda, mteja wa nyumbani hupewa uniti 15 za kwanza za mwezi kwa bei nafuu ya Sh250 za Uganda. Zinazozidi ndizo hutozwa bei ya juu. Nchini Tanzania, mteja wa kundi la D1 hulipa Sh100 za Tanzania kwa uniti hadi uniti 75, na akizidi, uniti za ziada hutozwa Sh350.

Katika mifano hiyo, uniti moja ya ziada haibadilishi bei ya uniti zilizotangulia mwezi huo. Katika utaratibu wa makundi wa Kenya hubadilisha. Nyumba yenye wastani wa uniti 28 hulipa Sh342.16. Yenye wastani wa uniti 32 hulipa Sh521.60. Uniti nne zimegharimu karibu Sh180, yaani Sh45 kila moja.

Utaratibu wa ngazi si mgeni Kenya, kwani ndio uliokuwepo kabla ya Julai 2018. Nao una gharama yake: nyumba tajiri hufaidi ngazi ya kwanza sawa na maskini, na pesa hizo lazima zitoke mahali fulani. Mkazi anayeupendelea awe tayari kujibu hoja hiyo.

Kwa nini kampuni huomba nyongeza, na umma uulize nini?

Ombi la Kenya Power huja na sababu, na nyingine ni za kweli. Nyaya na transfoma huchakaa. Wateja wapya wanaunganishwa. Stima inayonunuliwa hulipiwa hata isipotumika yote, kwa sababu mikataba mingi huwalipa wazalishaji kwa kuwa tayari na mitambo. Mikopo nayo lazima ilipwe.

Lakini kikao cha maoni kimewekwa ili sababu hizo zipimwe. Maswali manne yana uzito.

Kwanza, mpaka wa kundi la chini utakuwa uniti ngapi, na umefikiwaje? Nyumba ngapi za Nairobi zitahama kundi?

Pili, mita za pamoja zitafanyiwaje? Je, mpaka unaweza kuhesabiwa kwa idadi ya nyumba zinazohudumiwa na mita moja, ikithibitishwa? Je, kutakuwa na mpango wa kutenganisha mita kwa gharama nafuu?

Tatu, upotevu wa stima unalipwa na nani? Katika miaka ya karibuni zaidi ya moja ya tano ya stima iliyonunuliwa na Kenya Power haikuuzwa kwa wateja. Sehemu ilipotea njiani kwenye nyaya na transfoma, na sehemu iliibwa au haikupimwa vyema. EPRA huweka kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa kuingizwa kwenye bei, na kinachozidi hubebwa na kampuni. Kiwango hicho kikilegezwa, mteja anayelipa ndiye anayebeba.

Nne, huduma itaboreka vipi? Kinyozi wa Kariobangi, mwenye kinu cha kusaga unga Mathare au fundi wa kuchomelea wa Kamukunji hupoteza kazi ya siku stima ikikatika. Anayeombwa alipe zaidi ana haki ya kuuliza atapata nini zaidi.

Jinsi ya kutoa maoni yanayosikika

Kifungu cha 10 cha Katiba kinaweka ushirikishwaji wa wananchi kati ya maadili ya utawala. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na cha 46 kinalinda haki za mnunuzi wa bidhaa na huduma. Haki hizo hutumika vyema mtu akijiandaa.

Ilani ya ombi la bei huchapishwa magazetini na kwenye tovuti ya EPRA, ikitaja tarehe na mahali pa vikao na namna ya kutuma maoni ya maandishi. Maoni yatumwe kabla ya siku ya mwisho. Yaliyoandikwa yana nguvu kwa sababu hubaki kwenye faili.

Kundi la wapangaji wa ploti moja, chama cha wakazi wa mtaa au kikundi cha wafanyabiashara kinaweza kutuma waraka mmoja wa kurasa mbili. Waraka mzuri unasema mambo matatu: hali ilivyo, hesabu yake, na kinachoombwa. Kwa mfano: “Sisi ni familia tano tunaotumia mita moja. Bili zetu za miezi sita zinaonyesha wastani wa uniti 125, yaani uniti 25 kwa kila familia. Tunalipa bei ya kundi la tatu. Tunaomba mpaka wa kundi uzingatie idadi ya nyumba kwenye mita.” Nakala za bili au risiti za tokeni ziambatanishwe, namba za simu na majina ya watoto yakifichwa.

Waraka wa namna hiyo unazidi kelele nyingi. Mwenye kuamua hawezi kuujibu kwa kusema tu kwamba maisha ni magumu kwa kila mtu. Lazima ajibu hesabu.

Uamuzi ukishatolewa, bado safari haijaisha. Mwenye lalamiko kuhusu bili yake huanza kwa Kenya Power, na asiporidhika huenda EPRA. Asiyeridhika na uamuzi wa EPRA anaweza kukata rufaa katika Jopo la Kawi na Petroli ndani ya siku 30.

Maswali ya kujipima

1. Nyumba yako imetumia uniti 22, 30 na 35 katika miezi mitatu. Iko kundi gani mwezi ujao? Jibu: wastani ni uniti 29, hivyo iko kundi la kwanza.

2. Ploti ina familia tatu, kila moja uniti 25, mita moja. Kila familia inalipa bei gani ya msingi? Jibu: uniti 75 mara Sh16.30 ni Sh1,222.50, ambazo zikigawanywa kwa tatu ni Sh407.50. Kwa mita yake ingelipa Sh305.50. Tofauti ni Sh102.

3. Ombi linasema bei ya kundi la kwanza itashuka hadi Sh11, lakini mpaka utakuwa uniti 20, na kundi la pili litabaki Sh16.30. Nyumba ya uniti 25 itafaidika? Jibu: hapana. Sasa inalipa Sh305.50. Itahamia kundi la pili na kulipa Sh407.50.

Swali la tatu ni la kubuni, lakini wakazi wa Nairobi walishuhudia jambo la aina hiyo Julai 2018, ada ya Sh150 ilipoondolewa huku mpaka ukishushwa hadi uniti 10. Miezi minne baadaye mpaka ulisogezwa kwa sababu watu walishika bili zao mkononi wakaonyesha kilichotokea. Anayetaka kuwa tayari kwa ombi lijalo aanze sasa kwa jambo dogo: aweke risiti zake za tokeni, aandike uniti za kila mwezi ukutani au kwenye daftari, na amwulize mwenye nyumba ni familia ngapi zilizo kwenye mita yake.